Kabureta nyingi huharibikia mezani

Kabureta ya pikipiki haina mambo mengi ndani yake: slaidi inayopanda na kushuka, sindano, boya linaloelea ndani ya bakuli la petroli, na vitundu vya kupitishia petroli na hewa, vingine vikiwa kwenye vipande vidogo viitwavyo jeti. Kifaa cha namna hii huchafuka mara nyingi kuliko kinavyoharibika. Uharibifu wenyewe, ule wa kukufanya ununue kabureta nyingine, mara nyingi huanza pale mtu anaposhika bisibisi huku akiamini jambo lisilo kweli.

"Pikipiki ikimisi, kabureta imekufa."

Injini ikimisi, yaani ikikatakata, huenda ni kabureta, lakini anzia nje. Plagi chafu au filta ya hewa iliyoziba hutoa dalili zilezile. Kuna pia tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi, ambalo wengi hulisahau. Likiziba, pikipiki hukimbia vizuri kwa muda, kisha hukosa mafuta na kuzima. Ukisubiri kidogo, inawaka tena. Siku ikikuzimikia hivyo, fungua kifuniko. Ikiwaka papo hapo, kabureta haina hatia. Kagua na mpira unaounganisha kabureta na injini, kwa sababu ukipasuka huingiza hewa ya wizi na mngurumo wa pikipiki iliyosimama hautulii.

"Jeti iliyoziba huzibuliwa kwa waya."

Hii ndiyo dhana iliyoua kabureta nyingi kuliko vumbi. Jeti hutengenezwa kwa shaba ya manjano, na waya wa chuma ni mgumu kuliko shaba hiyo. Tundu lake limetobolewa kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Chukua jeti ndogo yenye tundu la milimita 0.40. Ukilikwangua likafika 0.45, jicho halitaona tofauti yoyote, ila nafasi ya kupita petroli imeongezeka kwa zaidi ya robo, maana eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Hapo plagi itakuwa nyeusi, mafuta yatakwisha upesi, nawe utashinda ukizungusha skrubu bila kupata jibu.

Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa hewa huku umevaa miwani, kisha itazame kwenye mwanga: uone duara safi. Ukilazimika kupitisha kitu, tumia uzi mwembamba wa nailoni. Iliyokwisha kukwanguliwa haitengenezeki. Weka nyingine yenye nambari ileile. Usisahau kutoa oringi na mipira yote kabla ya kuloweka, kwani dawa hizo huivimbisha mipira mingi, na kama kabureta ina kiwambo cha mpira, huenda kisirudi tena mahali pake.

Kazi yote hii ifanyike nje. Wapo wanaodhani inatosha kuwa mbali kidogo na jiko, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini hadi ufike kwenye moto ambao hukuufikiria.

"Skrubu ya mchanganyiko ikazwe kabisa, ndipo uanze kuhesabu."

Nilikuwa na imani hii, nami nililipa. Nilikaza hadi nikasikia kitu kimelegea; ncha ya skrubu ilikuwa imekatikia ndani ya tundu lake. Skrubu hii, inayorekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, ina ncha nyembamba kama ya kalamu na hukaa kwenye kiti laini. Kabla ya kuitoa, izungushe kuelekea ndani taratibu mpaka iguse tu, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Kwa kabureta nyingi ni kati ya mzunguko 1 na 3.

Watu pia huichanganya na skrubu ya mngurumo, ambayo kazi yake ni kuinua slaidi tu. Ya mchanganyiko ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza petroli. Ikiwa upande wa filta, kuifungua huongeza hewa. Ukiwa hujui ni ipi, utakuwa unatibu ugonjwa kwa kuuzidisha. Tena irekebishwe injini ikiwa ya moto. Ya baridi itakudanganya.

"Kabureta ikimwaga petroli, kunja ulimi wa boya."

Ulimi ni kibati kidogo cha boya kinachosukuma sindano yake, na maboya mengi ya plastiki hayana hata ulimi wa kukunja. Kwanza tazama sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, na kiti chake: chembe moja ya uchafu inatosha kuizuia isifunge, na ncha iliyochakaa huwa na mstari mdogo kuizunguka. Kisha litikise boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka na haliwezi kuelea ipasavyo.

Kama ilimwaga usiku kucha na koki ya tangi ilikuwa wazi, usiwashe injini kabla ya kunusa oili, kwani petroli huenda imeingia humo. Oili inayonuka petroli imekuwa nyepesi na hailindi vyuma, kwa hiyo ibadilishe.

"Jeti kubwa, nguvu zaidi." Hapana. Petroli inayozidi hewa haiungui vizuri, na inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda.

"Gundi ya chuma hutengeneza kila ufa."

Ufa mdogo wa nje kwenye bakuli unaweza kuzibwa kwa gundi inayostahimili petroli, na iachwe ikauke kabisa. Kiti cha sindano kilicholika au njia ya slaidi iliyochimbika havina dawa ya gundi. Lakini kuna jeraha moja linalodhaniwa kuwa kifo na sivyo: uso wa kabureta unaofungwa kwenye injini, uliopinda kwa kukazwa mno boliti. Toa kila kitu ndani yake, weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso huo kwa mwendo wa duara mpaka mikwaruzo ienee kote sawasawa. Ioshe, ipulize matundu yote, weka gasketi mpya, na safari hii kaza boliti mbili kwa zamu, kidogo kidogo.