Bagamoyo: aliyebwaga alibwaga nini?

Kila ninapopeleka wageni Bagamoyo, swali la kwanza huwa lile lile: kweli watumwa ndio walioupa mji jina? Wamekwisha kusimuliwa kwamba mateka wakifika ufukweni waliambiwa wabwage mioyo yao hapo hapo, maana kurudi kwao hakupo tena. Ni simulizi la kuliza. Ila kazi yangu ni majina ya mahali, na mimi huanza na kitenzi.

Kubwaga si kuacha. Unaacha kitu ukaenda zako, unabwaga kilichokulemea. Kuni hubwagwa, gunia hubwagwa, na anayebwaga moyo ametua, roho imetulia. Jina ni "bwaga moyo", ile w imedondoka kwa wepesi wa ulimi tu. Sasa nani alilihitaji neno hilo kuliko mpagazi? Mnyamwezi katoka Tabora na pembe ya ndovu begani, frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Katembea kama miezi mitatu, pori na homa, na kila nchi anayopita chifu wake anadai hongo. (Hongo enzi hizo ilikuwa ushuru wa njia, tena wa wazi, aibu tumeitia sisi baadaye.) Akiiona minazi ya pwani, mzigo chini, ujira mkononi, usiku ngoma. Jina hili linamkaa yeye kinywani kuliko mateka wa bara ambaye pengine Kiswahili chenyewe hakukijua.

Je, habari ya watumwa ni uzushi? La. Mateka walipita hapa wakivushwa kwenda Unguja, na hata Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, magendo hayakukoma. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa. Kwa watu hao neno la mpagazi lilikuwa na uchungu, na mji ukabaki na maana mbili. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ya uchungu ndiyo ya kwanza, eti kwa kuwa inasikitisha zaidi.

Wajerumani jina halikuwashughulisha. Walipokwisha kumshinda Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, mwaka 1889, Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya koloni lao. Kilichowakera ni maji. Ufuko ule ni mpana na kina chake kifupi: jahazi hukalia mchanga maji yakipwa, likapakuliwa, likangoja maji yajae. Meli ya moshi haiwezi hivyo, hutia nanga mbali. Mwaka 1891 serikali ikahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Na lile Boma ambalo wageni wangu hupiga picha mbele yake wakidhani ndipo koloni lilipotawaliwa, lilijengwa 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuhama.