Je, wajua kwa nini wafanyakazi wa Queensland waligombania mwezi wa sikukuu yao?

Mwaka 2012 serikali ya jimbo la Queensland, Australia, chini ya waziri mkuu wa jimbo Campbell Newman, iliamua kwamba kuanzia 2013 Sikukuu ya Wafanyakazi itoke Jumatatu ya kwanza ya Mei, iende Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Hakuna aliyenyang'anywa siku ya mapumziko. Mbona basi vyama vya wafanyakazi vilikuja juu?

Serikali ilisema sikukuu zimerundikana nusu ya kwanza ya mwaka: Mwaka Mpya, Siku ya Australia, Pasaka, Anzac (kumbukumbu ya askari), Wafanyakazi, kisha siku ya kuzaliwa ya Malkia mwezi Juni. Baada ya hapo jimbo zima lilifanya kazi mfululizo mpaka Krismasi. Hoja hiyo ina uzito. Ila ufumbuzi ulikuwa umeshapatikana: serikali iliyotangulia, ya Labor, yaani chama cha siasa cha wafanyakazi, ilikuwa imeihamishia Oktoba siku ya Malkia. Newman akairudisha Juni, akaiondoa Mei ya wafanyakazi badala yake. Na Malkia Elizabeth mwenyewe alizaliwa Aprili 21! Hapo ndipo wafanyakazi walipoona wanalengwa wao.

Kwao Mei ina kisa chake. Mapema mwaka 1891 wakata manyoya ya kondoo waligoma, maana wenye mashamba walitaka kuajiri yeyote kwa masharti yao wenyewe, bila kukitambua chama cha wakata manyoya. Wagomaji wakapiga kambi nje ya miji midogo ya bara, Barcaldine ukiwa kitovu chao. Mei 1 mwaka huo wakaandamana mjini humo, zaidi ya watu elfu moja, mamia yao wakiwa juu ya farasi. Viongozi walijifunga mishipi ya buluu, bendera zikapepea, wakapaza sauti kudai siku ya kazi ya saa nane. Ni miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Chicago, mgomo uliotupa Mei Mosi tunayoiadhimisha hata huku kwetu.

Mgomo ulishindwa. Askari walipelekwa, viongozi wakahukumiwa miaka mitatu jela na kufungwa kisiwa cha St Helena, karibu na Brisbane. Lakini waliobaki waligeukia kura, na mwaka 1899 Queensland ikapata serikali ya kwanza ya chama cha wafanyakazi duniani, ingawa ilidumu wiki moja tu.

Majimbo mengine ya Australia hayana kisa hiki, ndiyo maana tarehe zao ni tofauti. Victoria huadhimisha Machi, New South Wales Oktoba. Huko sikukuu ilitokana na madai ya saa nane yaliyoanzishwa na waashi miaka ya 1850. Oktoba ni halali kabisa kwa Sydney, mji mkuu wa New South Wales. Kwa Barcaldine haina maana yoyote.

Kwa hiyo vyama havikungoja Oktoba. Viliendelea kuandamana Mei, mwishoni mwa wiki, bila siku ya mapumziko. Januari 2015 Newman alishindwa uchaguzi, na serikali ya Annastacia Palaszczuk ikairudisha sikukuu Mei kuanzia 2016. Siku ya Malkia, ambayo sasa ni ya Mfalme, ndiyo iliyohamia Oktoba, na lile pengo la nusu ya pili ya mwaka likazibika.