Gede: Mji Uliohamwa na Kisima Chake

Mgeni anayeingia katika magofu ya Gede, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi, aghalabu huuliza kwa nini wenyeji walihama. Sisi wahifadhi wa malikale humwomba kwanza ainamie kisima kilicho kando ya msikiti mkuu, kwa kuwa kisima hicho kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa, dalili ya kwamba maji yaliyo chini ya miamba yalikuwa yakishuka.

Mji huu ulikuwa na watu wenye uwezo. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na uchimbuzi ulioanzishwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948 ulitoa vyombo vya China na shanga za Venisi. Nyumba kadhaa zingali zikiitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi.

Hata hivyo, kisima hakielezi yote. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Mto Zambezi, waliishambulia pwani hii, miaka michache baadaye sheikh wa Malindi akahamia Mombasa pamoja na Wareno, na Waoromo nao walikuwa wakisogea kutoka kaskazini, hata kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ikabaki tupu. Kwa maoni yangu, hatuna haja ya kuchagua sababu moja, kwani familia iliyoteka maji katika kisima kinachopungua ndiyo iliyokuwa ikisikia habari za vita.

Baada ya watu kuondoka, paa ndilo lililotangulia kuanguka. Boriti za mikoko zikaoza, dari ya mawe na chokaa ikaporomoka, na mvua ikaanza kupenya kuta kutoka juu na kuilegeza chokaa inayoshika mawe ya matumbawe. Ndege nao wakaleta mbegu za mitini, ambayo mizizi yake huteremka ukutani, huingia katika nyufa na kuzipanua, lakini wakati huo huo hulikumbatia jiwe lisidondoke. Ndiyo maana tunawasihi wageni wasipande juu ya kuta wala kung'oa mzizi wowote, hasa sasa ambapo Gede imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2024. Mti ukikatwa ovyo, mizizi huoza ndani ya ukuta na kuacha matundu, na mvua za masika zikija ukuta huanguka.