Bahari ya Nungwi na Mkondo wa Pemba: yanayosemwa na yalivyo

"Kaskazi bahari haina matata."

Kaskazi, upepo utokao kaskazini Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni mpole kuliko kusi, upepo utokao kusini, wa Juni na Julai, hilo halina ubishi. Ila mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huusukuma hadi karibu kilomita 7 kwa saa. Kaskazi huupunguza kasi tu, haiugeuzi. Basi siku kaskazi inapokaza, upepo na maji hukutana uso kwa uso, hasa mbele ya Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mawimbi hapo husogeleana na kusimama wima, na chombo kifupi hakijamaliza kushuka wimbi la kwanza, la pili limeshapiga omo, yaani sehemu yake ya mbele. Nahodha anayeangalia upepo peke yake ameona nusu ya habari.

Kusi ina hila nyingine. Upepo na mkondo hwenda pamoja, kwa hiyo kwenda kaskazini ni raha. Kurudi ndiyo kazi. Mashine ikizima kwa saa 2 mkondo ukiwa umekaza, chombo kinaweza kuchukuliwa kilomita 14. Nanga nayo haisaidii katika Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, wenye kina cha mamia ya mita.

"Wametangaza mawimbi ya mita 2, basi hayazidi hapo."

Kipimo cha utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, si kikomo. Katika safari ya saa kadhaa tarajia moja moja linalokaribia mita 4. Upepo nao una hesabu yake: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara 4. Ndiyo maana tanga hutuliwa au hupunguzwa mapema, kabla mabaharia hawajaanza kushindwa na foromali, mti unaobeba tanga.

"Bamvua ni habari ya wachokoa pweza."

Muulize anayetokea Jambiani au Matemwe, upande wa mashariki wa Unguja. Bamvua, siku za mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baadaye, maji hupanda na kushuka takriban mita 4. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ni kama mita 1 tu. Maji yote yaliyo ndani ya mwamba wa matumbawe lazima yatoke kwa milango michache ya mwamba huo, na nusu yake hutoka katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kushuka. Siku za bamvua bahari hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kukauka kwenye saa 4 asubuhi, kwa hiyo maji hukimbia kwa nguvu zote kati ya saa 12 na saa 2, wakati ambao wengi wanataka kutoka. Wimbi la bahari kuu likiingia dhidi ya maji hayo, huvunjika mlangoni hata kama upepo haupo. Pita katika saa ya mwisho ya maji kujaa au ya kwanza ya kutoka, na kila siku sogeza saa hizo mbele dakika 50 hivi.

"Meli kubwa haina shida."

MV Spice Islander I ilizama Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. MV Skagit ikafuata karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa kali. Mzigo ukikaa juu, chombo hulala upande na kuchelewa kuinuka. Abiria wakikimbilia upande mmoja, hakiinuki tena.

"Najua kuogelea."

Muogeleaji mzuri huenda kilomita 3 au 4 kwa saa. Linganisha na mkondo.

Chombo cha mbao kikipinduka, kaa nacho: mbao huelea hata zikijaa maji, na kichwa cha mtu mmoja hakionekani kwa mbali. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kung'oa nanga, mikanda imefungwa, filimbi imening'inia. Lililotupwa chini ya nyavu ni mzigo tu.

Simu ifungwe katika mifuko 2 ya plastiki, lakini usiitegemee: mtandao hukatika ukiwa mbali na nchi kavu. Mwachie mtu wa pwani jina la chombo, idadi ya watu, unakokwenda na saa ya kurudi, naye ajue kwamba saa hiyo ikipita anapiga 112, namba ya dharura, au anakwenda kituo cha KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kulinda bahari na kuzuia magendo) kilicho karibu, bila kungoja kuche.