Je, wajua jinsi ya kutambua kiwashio cha sigara cha asili katika gari la zamani?

Wanaofufua magari ya zamani katika mkoa wa Dodoma, iwe ni Land Rover iliyolala miaka mingi chini ya mti Mpwapwa au Peugeot 404 ambayo wajukuu wameirithi Kongwa, huanza na injini, wakaendelea na bodi na rangi, na dashibodi wakaiacha mwisho. Hapo ndipo wanapokuta tundu la kiwashio cha sigara, ambacho mafundi wengi hukiita laita, likiwa tupu, au likiwa na kiwashio ambacho hakuna mwenye uhakika kilitoka gari gani. Kifaa hiki hupotea upesi kwa sababu huchomolewa kwa mkono, na kilichopotea huzibwa pengo lake kwa chochote kilichopatikana dukani siku hiyo. Utajuaje, basi, kwamba kilichopo mbele yako ndicho kilichotoka na gari kiwandani?

Wengi hutazama kitufe, yaani kile kichwa cha plastiki au cha kromi kinachoonekana kwa dereva, nacho ndicho shahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa vitufe hubadilishwa kirahisi na vya kuiga vinatengenezwa hadi leo. Ushahidi wenye uzito umo nyuma ya kitufe na ndani ya soketi, yaani ule mfuko uliofungwa kwenye tundu la dashibodi ambamo kiwashio huchomekwa.

Nyuma ya kitufe kuna kikombe kidogo cha chuma chenye koili bapa ya waya wa nikeli na kromi. Kitufe kinaposukumwa, ukingo wa kikombe hushikwa na vibanio vilivyo mwisho wa soketi. Umeme wa betri hupita kwenye vibanio hivyo, ukazunguka koili, kisha ukaingia kwenye ukuta wa soketi na kurudi kupitia bodi ya gari. Vibanio vimetengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa bapa kwa bapa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Kwa hiyo koili inapokuwa nyekundu, vibanio hupinda na kuachia, na springi hukirudisha kitufe nje.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza ni kumulika ndani ya soketi kwa tochi. Soketi nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya chaja za simu hazina vibanio hivyo kabisa, na baadhi yake zina mwili wa plastiki usiostahimili joto la koili. Ukikuta soketi ya namna hiyo katika gari la mwaka 1965, hakuna haja ya mjadala: imewekwa baadaye, hata kama kitufe kilichochomekwa ndani yake ni cha kale.

Kipimo cha pili ni volti, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Magari mengi ya Marekani yalitumia volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1950, na Volkswagen Beetle iliendelea nazo hadi mwaka wa modeli wa 1967 ilipoanza kupewa volti 12, huku malori mengi yakitumia volti 24. Viwashio vya makundi haya vinaweza kufanana kwa macho na hata kuingia katika tundu moja, kwa kuwa kipenyo cha ndani cha soketi za kawaida ni takriban milimita 21. Ila nguvu ya koili hubadilika kwa mraba wa volti: koili ya volti 6 ikiwekwa kwenye volti 12 hupokea nguvu mara nne ya ile iliyokusudiwa na huungua upesi, ilhali koili ya lori la volti 24 ikiwekwa kwenye gari dogo la volti 12 hupata robo tu, ikawa vuguvugu isiyowasha chochote. Chapa ya volti mara nyingi imegongwa pembeni mwa kikombe. Isiposomeka, tumia mita ya fundi umeme. Kiwashio cha volti 12 huvuta karibu ampea 10, hivyo koili yake huonyesha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) moja na kitu hivi. Koili ya volti 6 yenye nguvu kama hiyo huwa na karibu robo ya kiasi hicho, na ya volti 24 karibu mara nne. Kwa kuwa vipimo hivi ni vidogo, gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe na kuondoa usomaji huo katika hesabu.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu uasilia moja kwa moja, lakini limeharibu simu za watu. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliunganishwa kwa atha chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Koili haijali umeme unatoka upande gani na itawaka vilevile, bali chaja ya simu itapokea umeme kinyume. Kiwashio cha asili kinachofanya kazi vizuri si uthibitisho kwamba soketi hiyo ni salama kwa chaja.

Ukishapata volti, tafuta chapa ya mtengenezaji, wala usivunjike moyo ukikosa jina la kiwanda cha gari. Viwashio vingi vilinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wa vifaa, kama Casco wa Bridgeport, Connecticut, aliyeviuzia viwanda mbalimbali; jina lake kwenye gari la Marekani ni dalili njema, si ya ubandia. Namba ya kipuri husaidia zaidi pale ilipo. Kwa Ford wa Marekani herufi ya kwanza hutaja muongo na tarakimu inayofuata mwaka, hivyo namba inayoanza na C5 ilisanifiwa kwa ajili ya 1965. Kwa Volkswagen, tarakimu ya kwanza ikiwa 1 huelekeza kwenye Beetle, na ikiwa 2 huelekeza kwenye basi dogo.

Hali ya hewa nayo hutoa ushahidi, ingawa mimi huuchukulia kama dalili tu. Gari lililoishi Dodoma kwenye ukame hujaa vumbi jekundu ndani ya soketi, lakini shaba yake huwa kavu. Shaba iliyoota kutu ya kijani na kromi iliyovimba malengelenge hufanana zaidi na maisha ya pwani, na ikiwa sehemu nyingine za dashibodi hazina alama hizo, kiwashio hicho huenda kilisafiri peke yake.

Mwisho, kagua tundu lenyewe kabla ya kununua chochote. Tundu la kiwandani lina ukingo laini na rangi ya asili imeingia hadi ndani ya ukingo. Lililotobolewa mtaani lina makali na chuma kitupu. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Land Rover za miaka ya 1950 na 1960, ambazo kwenye dashibodi zilikuwa na matundu mawili madogo, jekundu na jeusi, ya kuchomekea taa ya ukaguzi, wala kiwashio hakikuwa sehemu ya vifaa vyake vya kawaida. Mwenye Land Rover ya aina hiyo anayetafuta kiwashio cha asili kwa bei kubwa anatafuta kitu ambacho huenda gari lake halikuwahi kuwa nacho. Fedha hiyo ingetosha kumlipa fundi bodi azibe tundu.