Muuaji wa Yorkshire hakuwaponyoka polisi kwa werevu

Wengi huamini kwamba anayeua watu mfululizo ni mtu mwenye akili za ajabu, na kwamba anayemnasa lazima awe mpelelezi mwerevu kumzidi. Si ajabu, filamu nyingi husimulia hivyo.

Lakini tazama kesi ya dereva mmoja wa lori kutoka Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1981 alitiwa hatiani kwa kuua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine 7. Kabla ya hapo polisi walishamhoji mara 9 na kumwachia. Taarifa zilirundikana kwenye kadi za karatasi, na kuzioanisha kukawa kazi ngumu. Ikaja na kanda ya sauti ya mtu aliyejidai ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya Sunderland, mji mwingine wa Uingereza. Ilikuwa ya uongo, ila iliwapotosha wapelelezi.

Dereva huyo alikamatwa katika mji wa Sheffield, Januari 1981, kwa sababu ya namba bandia za gari. Aliomba kwenda haja ndogo, akaficha nyundo na kisu gizani. Askari mmoja, alipoingia zamu iliyofuata, alirudi pale kupekua, akavikuta. Kwangu mimi, huyo ndiye shujaa wa upelelezi huu.

Ukitaka kuhakiki simulizi za namna hii, anza na kumbukumbu za mahakama na ripoti rasmi. Ripoti ya upelelezi huu iliandikwa 1981, na sehemu yake kubwa ikawekwa wazi 2006. Kisha linganisha tarehe na magazeti ya wakati ule.