Wakatoliki hawafundishi kwamba wokovu unanunuliwa kwa matendo

Hii naisikia tangu sandei skuli, eti Mkatoliki anaokoka kwa matendo na Mprotestanti kwa neema. Jamani si kweli. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1547, kanuni ya kwanza kabisa ya tamko lake kuhusu kuhesabiwa haki (yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) inamlaani anayesema mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema. Halafu 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki wakasaini tamko la pamoja kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti ipo ila iko kwingine, Mlutheri anasisitiza Mungu anakuhesabia haki ya Kristo ukiwa bado mdhambi, Mkatoliki anasema neema hiyohiyo inaingia ndani na kukubadilisha mpaka ukaweza kutenda mema.